Moto Guzzi 850 Le Mans na urithi wa Mandello del Lario: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

850 Le Mans ni pikipiki gani hasa?

Ni pikipiki ya mwendo kasi iliyotengenezwa na kiwanda cha Moto Guzzi katika mji mdogo wa Mandello del Lario, kaskazini mwa Italia, ikaonyeshwa hadharani katika maonyesho ya Milano mwishoni mwa 1975 na kuingia sokoni mwaka uliofuata. Injini yake ina silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la V lenye nyuzi 90, moja ikichomoza kulia na nyingine kushoto chini ya tangi, ambako zote mbili hupigwa na upepo sawasawa. Ujazo wake ni cc 844, kipenyo cha kila silinda ni milimita 83, mwendo wa pistoni ni milimita 78, na uwiano wa mgandamizo ni 10.2 kwa 1. Kiwanda kiliitangaza kuwa na nguvu za farasi 71, uzito usiofika kilo 200 kabla ya kutiwa mafuta, na mwendo unaopita kilomita 200 kwa saa.

Hata hivyo, si takwimu zilizoifanya ipendwe. Ukiitazama kwa ubavu unaona mstari mmoja ulionyooka kutoka taa ya mbele hadi mkia wa siti, tangi refu lililolala, mabomba ya moshi meusi yasiyong'aa, na kikinga upepo kidogo kilichozunguka taa, ambacho kwenye pikipiki nyekundu kilipakwa kipande cha rangi ya chungwa inayowaka. Wapo wanaopenda zaidi ile ya rangi ya buluu iliyochanganyika na fedha, na zipo chache nyeupe. Kwa maoni yangu nyekundu ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi nia ya mbunifu wake.

Kwa nini iliitwa Le Mans, ilhali ni ya Kiitalia?

Jina limetokana na uwanja wa mbio wa Le Mans nchini Ufaransa. Katika miaka ya 1970 mashindano ya saa 24 ya Bol d'Or yalifanyika huko, na Guzzi ilipeleka pikipiki zake aina ya V7 Sport zikashindane na za viwanda vikubwa zaidi. Mbio za saa 24 hupima uvumilivu wa chombo kuliko kasi yake ya dakika chache, na uvumilivu ndio sifa ambayo Mandello ilitaka ijulikane nayo.

Moto Guzzi ilianzishwa na nani, na tai aliye kwenye nembo ana maana gani?

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, vijana watatu walikutana katika kikosi cha anga cha jeshi la wanamaji la Italia: Carlo Guzzi, aliyekuwa fundi, pamoja na marubani Giorgio Parodi na Giovanni Ravelli. Walikubaliana kwamba vita vikiisha wangeanzisha kiwanda cha pikipiki. Guzzi angebuni, Parodi angetafuta fedha kwa kuwa baba yake alikuwa mwenye meli mjini Genova, na Ravelli, ambaye tayari alikuwa mwendeshaji wa mashindano, angezitangaza kwa kuzishindania.

Ravelli hakuishi kuiona kazi hiyo ikianza. Alifariki Agosti 1919 katika ajali ya ndege, muda mfupi baada ya vita kumalizika, na wenzake wawili waliobaki wakachukua tai mwenye mbawa zilizokunjuliwa, alama ya marubani, wakamweka kwenye nembo ya kiwanda kwa kumkumbuka. Tai huyo bado yumo kwenye matangi hadi leo. Ninapomwona mtu amembandua ili abandike picha nyingine, huona kwamba hakuambiwa kisa hiki.

Fedha za mwanzo zilitoka kwa Emanuele Vittorio Parodi, baba yake Giorgio. Katika barua aliyomwandikia mwanawe Januari 1919, alikubali kutoa lire 1,500 au 2,000 kwa ajili ya majaribio, kwa sharti kwamba kiasi hicho kisizidishwe na kwamba yeye mwenyewe angekagua mpango kabla ya kuahidi zaidi. Ni barua ya mfanyabiashara mwangalifu, na uangalifu huo ulibaki katika kampuni kwa miaka mingi. Chombo cha kwanza cha majaribio kiliitwa G.P., yaani Guzzi-Parodi, lakini kwa kuwa herufi hizo zilikuwa pia za jina la Giorgio Parodi peke yake, jina la Guzzi ndilo lililochaguliwa. Kampuni iliandikishwa Genova tarehe 15 Machi 1921.

Kwa nini kiwanda kiko Mandello na si katika jiji kubwa?

Carlo Guzzi alikuwa mzaliwa wa Milano, lakini familia yake ilihamia Mandello, kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Como, na ni huko alikotengenezea chombo chake cha kwanza katika karakana ya fundi Giorgio Ripamonti. Kiwanda kilijengwa hapohapo, kati ya maji na milima, na hakijahama. Watu wa familia moja walirithishana kazi katika kiwanda hicho kwa vizazi kadhaa, jambo linaloeleza kwa nini mtindo wa kazi wa Mandello haukubadilika haraka hata wamiliki walipobadilika.

Kabla ya Le Mans, kiwanda kilikuwa na sifa gani?

Pikipiki ya kwanza kuuzwa, iliyoitwa Normale, ilikuwa na silinda moja ya cc 498 iliyolazwa mlalo ikielekea gurudumu la mbele ili ipate upepo. Mpangilio huo wa silinda iliyolala ulidumu katika Guzzi kubwa hadi katikati ya miaka ya 1970, muda ambao viwanda vingi vingeona aibu kuung'ang'ania. Mwaka 1928, Giuseppe Guzzi, ndugu yake Carlo, alisafiri hadi kaskazini ya mbali ya Norwe kwa pikipiki yenye springi kwenye gurudumu la nyuma, wakati ambapo watu wengi waliamini kwamba pikipiki yenye nyuma inayonesa haiwezi kushika barabara. Tangu safari hiyo pikipiki yake ikaitwa Norge.

Katika mashindano, Stanley Woods, raia wa Ayalandi, alishinda mbio mbili za kisiwa cha Man mwaka 1935 akiwa juu ya Guzzi, ile ya cc 250 na ile kuu ya cc 500. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia waendeshaji wa Guzzi walitwaa ubingwa wa dunia mara nane: mara tatu katika daraja la cc 250, na mara tano mfululizo katika daraja la cc 350, kuanzia 1953 hadi 1957. Kiwanda kilijenga handaki lake la kupimia upepo, ambamo pikipiki nzima pamoja na mwendeshaji wake iliwezekana kupimwa, jambo ambalo halikuwapo katika kiwanda kingine cha pikipiki wakati huo.

Kilele cha miaka hiyo kilikuwa pikipiki ya silinda nane ya mhandisi Giulio Cesare Carcano, iliyoshindana kati ya 1955 na 1957. Silinda nane katika cc 500! Ilikaribia kilomita 275 kwa saa, ikiwa na tairi na breki za zama zile, na waendeshaji walioipanda walihitaji ujasiri ambao siwezi kuueleza kwa maneno. Mwishoni mwa 1957, Guzzi na viwanda vingine vya Italia, Gilera na Mondial, zilikubaliana kuacha mashindano ya ubingwa kwa sababu ya gharama, na mlango huo ukafungwa.

Injini ya V ilitoka wapi?

Ilitoka kwenye meza ya Carcano yuleyule, lakini kwa madhumuni tofauti kabisa. Aliwahi kuchora injini ndogo ya V ya nyuzi 90 kwa ajili ya gari dogo la Fiat, na wazo hilo ndilo lililokua na kuwa injini ya pikipiki ya V7, iliyoonyeshwa mwishoni mwa 1965 ikiwa na cc 703. V7 ilikusudiwa askari wa barabarani na watu wa safari ndefu, si wanamichezo. Ilitakiwa iende mbali, ihitaji matunzo machache, na fundi wa kawaida aweze kuifikia kila sehemu yake bila kung'oa nusu ya chombo. Polisi wa Italia waliinunua, na baadaye hata polisi wa Los Angeles.

Jambo hili huwashangaza wengi: injini ya Le Mans ni injini ya kazi iliyofundishwa kukimbia. Krenki yake, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, ni nene na beringi zake ni kubwa kuliko nguvu zake zinavyodai. Ndiyo sababu nyingi bado zinazunguka.

Lino Tonti alifanya nini, na kwa nini fremu yake inasifiwa sana?

Carlo Guzzi alifariki 1964, na baada ya hapo kampuni iliingia katika matatizo ya fedha, ikawekwa chini ya usimamizi wa kisheria na mwaka 1967 ikachukuliwa na shirika jipya lililoitwa SEIMM. Carcano aliondoka, na mahali pake akaja Lino Tonti, mhandisi aliyekwisha kufanya kazi katika viwanda kadhaa vya pikipiki za mashindano. Mwaka 1969 aliipeleka V7 iliyopunguzwa uzito katika uwanja wa Monza, ambako ilivunja rekodi 19 za dunia. Kisha akapewa jukumu la kujenga pikipiki ya michezo yenye uzito wa kilo 200, mwendo wa kilomita 200 kwa saa na giya tano.

Tatizo lake lilikuwa urefu wa injini kwenda juu. Katika V7 ya kwanza, dainamo iliwekwa juu, katikati ya silinda mbili, ikizungushwa kwa mkanda. Kwa sababu hiyo fremu ililazimika kupita juu ya dainamo, tangi likakaa juu ya fremu, na mpandaji akakaa kama aliyepanda farasi. Tonti aliiondoa dainamo na badala yake akaweka alteneta kwenye ncha ya mbele ya krenki, ndani ya kifuniko cha mviringo kinachoonekana mbele ya injini. Nafasi kati ya silinda ikabaki wazi, naye akapitisha humo mabomba ya fremu, yaliyonyooka kutoka kwenye shingo ya usukani hadi karibu na mhimili wa mkono wa gurudumu la nyuma.

Bomba lililonyooka halipindiki kwa urahisi kama lililokunjwa, na kwa kuwa fremu ilipita katikati ya injini badala ya juu yake, chombo chote kilishuka. Vilevile, mabomba mawili ya chini yamefungwa kwa bolti, na ukiyafungua, fremu huinuliwa ikaiacha injini imekaa chini. Mtu mwenye nafasi ndogo ya kazi na msaidizi mmoja anaweza kuifanya kazi hiyo.

Pikipiki ya kwanza yenye fremu hiyo ilikuwa V7 Sport ya 1971, ya cc 748, ambayo takriban 150 za mwanzo zilikuwa na fremu ya chuma chepesi iliyopakwa rangi nyekundu na leo hutafutwa kwa bei kubwa mno. Le Mans ilipokuja, fremu ilikuwa imekwisha kuthibitika, na muundo huohuo ukaendelea kutumika katika Guzzi nyingine kwa zaidi ya miaka 30. Kama nikitakiwa kutaja kitu kimoja tu kinachoifanya Le Mans iwe Le Mans, sitaitaja injini. Nitaitaja fremu.

Kwa nini pikipiki hii huinama upande ninapoongeza moto ikiwa imesimama?

Krenki yake imelala kwa urefu wa pikipiki, kutoka mbele kwenda nyuma. Unapoongeza mzunguko ghafla, uzito unaozunguka huisukuma pikipiki upande wa pili, nayo huegemea kidogo kulia. Ni tabia ya kawaida, si kasoro, na ukiwa katika mwendo hutaihisi isipokuwa unapobadilisha giya kwa pupa.

Shafti ina faida gani kuliko cheni?

Anayefahamu cheni anajua kazi yake: kuipaka mafuta, kuikaza, na kuibadilisha pamoja na meno yake inapochakaa. Shafti ya Guzzi, yaani mhimili unaopeleka nguvu za injini kwenye gurudumu la nyuma, imefichwa ndani ya mkono wa kulia wa gurudumu la nyuma, inahitaji kubadilishiwa mafuta tu kwa vipindi, na mvua haiigusi. Gharama yake ni uzito, pamoja na namna nyuma ya pikipiki inavyoinuka unapoongeza moto na kushuka unapoukata. Mwendeshaji wa Le Mans hujifunza mapema kwamba moto haukatwi ghafla katikati ya kona.

Breki zilizounganishwa hufanyaje kazi?

Pikipiki ina diski tatu za chuma cha kusubu zenye kalipa za Brembo, mbili mbele na moja nyuma. Ukikanyaga pedali, diski ya nyuma na moja ya mbele hushika kwa pamoja, huku vali maalumu ikigawa shinikizo kati yake. Mkono wa usukani hushika diski ya mbele iliyobaki. Kwa safari za kawaida mguu peke yake unatosha, na pikipiki hutua kwa usawa bila kupiga mbizi mbele. Wengi waliouharibu mfumo huu kwa kurudisha breki zote mbili za mbele mkononi walifanya hivyo kwa mazoea, kabla ya kuupa nafasi.

Tahadhari moja ni kwamba diski za chuma cha kusubu hupata kutu usiku mmoja tu wa unyevu. Kutu hiyo huondoka kwa mshiko wa kwanza na haina madhara.

Je, ilikuwa bora kuliko Ducati na BMW za wakati wake?

Ducati 900 SS ilikuwa kali zaidi na ilimtaka mwendeshaji aifuate. BMW R 90 S ilikuwa tulivu zaidi na yenye starehe. Le Mans ilisimama kati yao: iligeuka karibu kama Ducati na kuvumilia safari karibu kama BMW, kwa matunzo ambayo mwenye nayo angeweza kuyafanya mwenyewe. Anayetaka ushindi wa tarakimu hataupata hapa.

Matoleo yaliyofuata yana thamani?

Toleo la pili la 1978 lilipewa kikinga upepo kikubwa chenye kona, na ndani yake ni karibu pikipiki ileile. La tatu, la 1981, lina vichwa vya silinda vya mraba na utengenezaji ulioboreshwa, na kwa mtu anayetaka kuendesha kila wiki ndilo ninalolipendekeza. La nne, la 1984, lilifikia cc 949 lakini likapewa gurudumu la mbele la inchi 16 kwa kufuata mtindo wa siku zile, nalo likaharibu utulivu ambao Tonti alikuwa ameujenga kwa miaka. La tano lilirudisha inchi 18. Jina lilikoma mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya daktari wa meno Mmarekani John Wittner kuonyesha, kwa ushindi wake katika mbio za uvumilivu za Marekani, kwamba injini hii ilikuwa bado na uwezo. Kiwanda kilimwita afanye kazi nacho, na matunda yake yakawa Daytona ya cc 1000.

Nitajuaje kwamba Le Mans ya kwanza ninayouziwa ni ya kweli?

Swali hili ni muhimu kuliko yote kwa mnunuzi, kwa sababu Guzzi 850 T3 ya miaka hiyohiyo ina fremu ya muundo uleule na injini ya ujazo uleule, na bei yake ni ndogo zaidi. Mtu akiivua T3 usukani wake wa juu, akaivika tangi, siti na kikinga upepo cha Le Mans, jicho lisilozoea halitatambua.

Anza na namba ya fremu. Ya Le Mans huanza na herufi VE, na ya T3 huanza na VD. Kisha tazama kabureta: Le Mans ina Dell'Orto za milimita 36 zenye pampu, na T3 ina ndogo zaidi, za milimita 30. Ndani ya vichwa, valvu za Le Mans ni milimita 44 za kuingizia na 37 za kutolea, dhidi ya 41 na 36 za T3, lakini huwezi kuziona bila kufungua. Taa ya nyuma ya mviringo ni ya pikipiki za mwanzo kabisa, na ya mstatili ni ya zilizofuata. Muuzaji akikataa usiangalie namba kwa utulivu, ondoka.

Ni matunzo gani hayapaswi kupuuzwa?

Chujio la mafuta ya injini limefichwa ndani ya sampu, yaani bakuli la mafuta chini ya injini, na huwezi kulifikia bila kuteremsha sampu nzima. Kwa sababu ya usumbufu huo watu wengi hubadilisha mafuta na kuliacha chujio. Usifanye hivyo. Ukiteremsha sampu utapata pia nafasi ya kuona kama kuna chembe za chuma chini.

Kabureta za Le Mans zilitoka kiwandani zikiwa na midomo wazi yenye wavu tu, bila chujio la hewa. Mahali penye vumbi, jambo hili hula silinda na pete za pistoni, nami ningeweka vichujio hata kama vinaharibu sura. Kwa kuwa injini kadhaa za Guzzi za miaka ya 1970 zilikuwa na silinda zilizopakwa krome, ambayo hubanduka kwa uzee, uliza na uhakikishe kilichomo kabla ya kununua. Nafasi ya valvu ni milimita 0.22 kwa zote nne, nayo hupimwa kwa dakika chache kwa sababu vichwa viko nje, mbele ya magoti yako. Platini za moto, zinazokata na kuunganisha umeme wa cheche, zikaguliwe kila mara, na siti ya povu, ambayo hupasuka pale pua yake inapopanda juu ya tangi, isikaliwe na mtu anapoisukuma pikipiki.

Nirejeshe kila kitu kama kilivyotoka kiwandani?

Fremu, injini, tangi, siti na rangi, ndiyo. Nyaya za umeme, mabomba ya breki na mfumo wa moto wa kielektroniki ni mambo ambayo sioni dhambi kuyaboresha, mradi vya asili vihifadhiwe katika boksi. Ninachokipinga ni kukata fremu. Rangi hupakwa upya, lakini bomba lililokatwa na kuunganishwa tena halirudi kuwa lile ambalo Tonti alilinyoosha.

Nani anamiliki Moto Guzzi leo, na nikitaka kuiona Le Mans niende wapi?

Mwaka 1973 kampuni ilichukuliwa na Alejandro de Tomaso, mzaliwa wa Argentina, na Le Mans ilitoka chini ya uongozi wake. Aprilia iliinunua mwaka 2000, na tangu mwishoni mwa 2004 imo katika kundi la Piaggio, watengenezaji wa Vespa. Kiwanda bado kiko Mandello, na lango lake jekundu halijahamishwa. Humo ndani kuna jumba la makumbusho ambamo pikipiki za kila zama zimehifadhiwa, tangu G.P. ya majaribio. Kila Septemba wenye Guzzi hukusanyika mjini, wengine wakiwa wameendesha kutoka nchi za mbali, na kwa siku hizo chache barabara ya kando ya ziwa hujaa Le Mans za kila toleo, zikiwa zinatembea.